Kafi ya Pili

Kutoka gati la Kisangani hadi Kinshasa, Mto Kongo unateremka kilomita 1,734 bila poromoko hata moja. Katika urefu wote huo maji yanashuka kama mita 120 tu. Mtu mmoja ndani ya mtumbwi mmoja, akijua anachokifanya, mto wenyewe unampeleka. Hapa Mangobo hilo halimshangazi mtu. Kinachoniuma ni kwamba watu wa rika langu wanazikumbuka safari hizo na kuisahau kazi iliyozitangulia: wiki za kuangalia maji, kukagua mti, kukausha samaki na kutuma habari. Msafiri alifikishwa na kazi hiyo.

Nafundisha historia katika shule ya sekondari ya mtaa huu. Wanafunzi wangu wanazijua meli vizuri kabisa. Wanaitaja En Avant, aliyokuja nayo Stanley Desemba 1883 kuanzisha kituo cha maporomoko, na Peace ya mmisionari George Grenfell, iliyofika mwaka mmoja baadaye. Wanazitaja meli za OTRACO, shirika lililoundwa mwaka 1935, na za ONATRA zilizozirithi. Mtumbwi wanauandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, halafu hawautaji tena, kana kwamba ulizama siku ile moshi wa kwanza ulipoonekana. Huwa nawapinga hapo hapo. Kila mara meli zilipokatika, na zimekatika mara nyingi, watu wa mto walirudi kwenye safari ndefu ya kafi, na maandalizi waliyoyafanya yalikuwa yale yale ya mababu. Yasingeweza kurudi haraka hivyo kama yangekuwa yamekufa.

Mangobo ni mojawapo ya komini 6 za Kisangani, kwenye ukingo wa kulia wa mto, na kwa muda mrefu imekuwa mlango wa watu wanaotoka chini ya mto. Wengi wao ni Walokele. Valdo Pons, mtafiti aliyeuchunguza mji huu mwanzoni mwa miaka ya 1950, ulipoitwa bado Stanleyville, aliwakuta wakiwa miongoni mwa makabila makubwa kabisa mjini. Vijiji vyao vimepangana ukingoni kupita Yakusu na Yangambi hadi Isangi, mahali Mto Lomami unapoingia Kongo. Shamba halikuwa kazi yao kubwa. Walivua, wakakausha, wakabadilisha samaki kwa muhogo na ndizi za Waturumbu na Watopoke waliokaa nyuma yao msituni. Biashara hiyo iliwafundisha kusafiri. Familia nzima iliweza kukaa mtumbwini wiki nyingi, na mwanamume au mwanamke mwenye shida ya haraka aliweza kwenda peke yake.

Safari ya peke yake ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu ndani yake kila kosa la maandalizi linaonekana. Penye wapiga kafi 6, mmoja atakuwa amekumbuka chumvi.

Koko wangu, baba wa mama yangu, alizaliwa chini ya Yangambi na akazeeka hapa Mangobo. Vijana walipotaka kununua mtumbwi walimwita kwanza. Nilikuwa namfuata ukingoni, kwa hiyo niliyaona mwenyewe aliyoyafanya. Kwanza aligonga kwa konzi kutoka mbele hadi nyuma, sikio karibu na mti, akisikiliza mahali sauti inapobadilika, kwa maana palepale pana uozo au ufa ambao muuzaji ameuziba na kuupaka tope. Kisha alipima unene kwa mkono, kidole gumba ndani na vingine nje, akipapasa kingo zote mbili. Alitaka sakafu iwe nene kuliko mbavu, maana sakafu ndiyo inayokwaruzana na mchanga na magogo, na uzito ukiwa chini mtumbwi hautikisiki ovyo. Halafu akamimina maji kidogo ndani na kungoja. Maji yakijikusanya katikati ya sakafu, mchongaji alijua kazi yake. Yakikimbilia ubavu mmoja, koko aliondoka bila kutaja bei. Mtumbwi ulioinama unaweza kuvusha watu hadi Lubunga ng'ambo ya mto kila siku, lakini mtu wa peke yake atapigana nao mchana kutwa, na ifikapo jioni bega moja limekufa.

Mti uliopendwa ni mvule, ambao wafanyabiashara wa mbao wa Kongo huuita kambala, kwa kuwa hauozi upesi ndani ya maji. Huangushwa msituni na kuchimbwa nusu huko huko kwa shoka na tezo ili upungue uzito, kisha huvutwa juu ya magogo ya kuviringisha mpaka mtoni, na huko ndiko unakomaliziwa. Ufa mdogo haukuuharibia thamani. Waliujaza utomvu na kitambaa, wakapigilia juu yake kipande cha bati kilichokatwa kutoka kopo la nyanya na kugongwa kikawa bapa. Hadi leo mitumbwi mingi ya Mangobo ina viraka hivyo, na msafiri mwenye akili hubeba bati na misumari ya akiba.

Baada ya mti, maji. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, na mto unapokea mvua za pande zote mbili, kwa hiyo unapanda mara mbili kwa mwaka: mara kubwa Novemba na Desemba, mara ndogo kuelekea Mei. Unashuka Februari na Machi, tena Julai na Agosti. Mgeni huona kwamba maji makubwa ndiyo bora kwa kuwa yanakimbia. Wazee walikataa. Maji makubwa hubeba magogo mazima chini ya uso wake, na huzamisha fukwe za mchanga, ukakosa pa kulala ila kwenye matope ya kingo. Maji madogo nayo hukufanya upotee kati ya visiwa na kukwama. Aliyesafiri peke yake alingoja gharika ianze kupungua, kuelekea Januari. Mkondo bado una nguvu, fukwe zinaanza kutokeza migongo, na juu ya fukwe hizo wavuvi wanaanza kujenga nganda zao, vile vibanda vya msimu vya kuvulia na kukaushia samaki. Koko alikuwa na kauli moja kwa vijana wenye haraka: "Maji ya Novemba iko na hasira. Ngoja ipoe."

Nganda ndizo zilizoamua ratiba. Mtu wa peke yake hakupanga safari kwa kilomita. Alipanga kwa moto wa watu: leo nitalala kwa akina nani, kesho kwa akina nani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maandalizi ilifanyika bila kugusa mtumbwi.

Hapo ngoma inaingia. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyefika Kongo mwaka 1938 na kufanya kazi Yakusu, alijifunza kuipiga, na mwaka 1949 akatoa kitabu chake juu ya ngoma zinazosema, *Talking Drums of Africa*. Ngoma ya Walokele haina ngozi. Ni gogo lililochimbwa kupitia ufa mwembamba, lina midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu na mwingine wa sauti ya chini. Kwa kuwa katika Kilokele maana ya neno hutegemea pia kupanda na kushuka kwa sauti, gogo linaweza kuiga usemi, na mpigaji huongeza maneno mengi ya kufafanua ili neno moja lisichanganywe na jingine. Usiku au alfajiri, hewa ikitulia, habari husafiri karibu kilomita 10 kabla kijiji kinachofuata hakijaipokea na kuisukuma mbele. Na kila mtu alikuwa na jina lake la ngoma, likifuatwa na la baba yake na kijiji cha upande wa mama yake.

Ukilifikiri jina hilo kwa jicho la msafiri, unaona kazi yake mara moja. Lilimtangulia. Kabla hajafika kwenye nganda ya kwanza, walikwishajua ni nani, mwana wa nani, na ni nani mwenye wajibu wa kumpa samaki. Mtumbwi wenye mtu mmoja usiotangazwa, unaotokea gizani, ulikuwa jambo la kutisha: mwizi, mkimbizi, au mtu mwenye ugonjwa. Uliotangazwa ulikuwa wa mgeni wa familia. Kwa hiyo kabla ya kupakia, uliongea na mpigaji ngoma.

Sasa tumrudie Stanley, kwa maana safari yake ndiyo iliyoandikwa kuliko zote, na maandalizi yake yanajulikana hadi uzi wa mwisho. Alibeba boti ya mbao ya mwerezi, Lady Alice, yenye urefu wa futi 40, iliyotengenezwa Uingereza ikiwa vipande 5 ili ibebwe mabegani. Alibeba shanga, vitambaa na nyaya zilizonunuliwa Zanzibar, akaondoka Bagamoyo Novemba 1874. Desemba 1876 akaagana na mfanyabiashara Tippu Tip kwenye Lualaba, akajaza watu wake katika mitumbwi zaidi ya 20 na kuteremka. Tarehe 28 Januari 1877 alikuwa ameyamaliza maporomoko yote saba na kuanza kupita mbele ya kingo hizi. Maji yalikuwa yanapungua. Kwa bahati tu alipata msimu ambao wazee wetu wangemchagulia.

Kitu kimoja hakuwa nacho: jina la ngoma. Anaandika mwenyewe jinsi ngoma zilivyomtangulia siku hadi siku, na akazisikia kama mlio wa vita tu. Zilikuwa zinafanya kazi yake ya kila siku, kumweleza jirani ni nani anakuja, na juu ya kundi la Stanley wenyeji walikuwa na habari za kutosha, za bunduki zilizolia kwenye maporomoko na za wakamata watumwa waliokuwa tayari juu ya mto. Tarehe 1 Februari, mahali Aruwimi inapoingia Kongo, pale Basoko, mitumbwi 54 ilitoka kumkabili, mmoja wao ukiwa na wapiga kafi 80, safu mbili za watu waliosimama wima. Wanafunzi wangu husoma kisa hicho kama ushujaa wa Mzungu au kama ukatili wake. Naomba pia wakisome kama safari ambayo maandalizi yake yalipungukiwa na kitu cha kwanza kabisa ambacho Mlokele angekitafuta.

Na wasiwasahau Wangwana waliompigia kafi. Walikuwa watu wa Zanzibar na wa pwani, wazoefu wa maji ya chumvi, waliofundishwa mto na mto wenyewe. Kwenye mojawapo ya maporomoko hayo, Januari ile, mtumbwi ulivunjika juu ya mwamba, na mtu aitwaye Zaidi akabaki ameng'ang'ania jiwe kwenye ukingo wa poromoko. Wenzake walisuka kamba za kekele, mtambaa wa msituni, wakaziunga na kamba za hema, wakafunga mtumbwi mwingine, na Uledi, nahodha wa Lady Alice, akajitolea kuingia pamoja na kijana Marzouk. Walimfikia. Kamba zikakatika, na wote watatu wakalala kwenye kisiwa cha mawe katikati ya ngurumo ile, hadi asubuhi walipovutwa kwa kamba nyingine mmoja mmoja. Kiswahili ninachoandikia hapa kiliteremka Lualaba pamoja na watu wa namna hiyo, wa Stanley na hasa wa Tippu Tip, aliyekuwa bwana wa maporomoko kabla na baada ya kufanywa wali wa Dola Huru ya Kongo mwaka 1887. Kilifika Kisangani kwa mtumbwi. Na kekele ndiyo hiyo hiyo ambayo wavuvi Wagenya hufungia miti na mitego yao kwenye maporomoko hata leo.

Meli zilipokuja hazikuuondoa mtumbwi. Ziliufanyisha kazi. Boiler zilikula kuni, na vijiji vilitakiwa kukata kuni hizo na kuzipanga ukingoni. Dola Huru ilidai samaki, mikate ya muhogo na wapiga kafi. Baadaye, chini ya Ubelgiji, mtu hakuruhusiwa kuhama eneo la chifu wake bila kibali, na hapo safari ya peke yake ikapata sharti jipya: karatasi. Koko alikuwa anaihifadhi yake ndani ya kipande cha mwanzi kilichozibwa nta, kimefungwa chini ya ubao wa kukalia, kwa kuwa karatasi iliyolowa na kutosomeka ilikuwa sawa na kutokuwa nayo.

Dawa nazo ziliingia kwenye mzigo wakati huo. Ugonjwa wa malale ulikuwa umekausha vijiji vingi vya mto, na daktari Clement Chesterman, aliyefika Yakusu mwaka 1920, aliendesha huko kampeni kubwa ya kuutibu na kuwafundisha wauguzi wa Kikongo waliotawanywa katika zahanati za ukingoni. Kwa msafiri, zahanati zilikuwa nganda za aina nyingine. Mzee aliyetoka kwenda Basoko alijua ni wapi atapata kwinini, kama alivyojua ni wapi atapata moto.

Halafu yakaja magugu-maji, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Watu waliyaita Kongo ya Sika. Katika muda wa miaka michache yalikuwa yameenea kutoka Kinshasa hadi hapa, visiwa vya kijani vinavyoelea, vyenye maua ya zambarau ambayo kwa mbali yanapendeza sana. Meli ziliyapasua tu zikapita. Mtumbwi wa mtu mmoja ukizingirwa nayo usiku, asubuhi hauoni maji. Tangu hapo panga likahama kutoka kwenye mzigo likawekwa mbele kabisa, mahali mkono unapofika.

Mwaka 1964 waasi Wasimba waliushika mji kuanzia Agosti hadi Novemba, na njia ya kwenda Kinshasa ikafungika. Mama yangu anakumbuka koko akitoa kafi zake darini katika miezi hiyo. Sitakaa sana hapo, kwa sababu kuna kipindi ninachokijua kwa macho yangu.

Agosti 1998 vita viliingia Kisangani. Waasi wa RCD na majeshi yaliyowaunga mkono walishika mji, waasi wa MLC wakashika Bumba na Lisala, serikali ikabaki Mbandaka. Mto, ambao ndio barabara yetu kuu, ukakatwa vipande. Meli hazikuja tena. Chumvi ikapanda bei, sabuni ikapotea, mafuta ya mawese kutoka chini yakawa hadithi. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana ndani ya mji huu kwa siku 6 na kuua mamia ya raia. Mei 2002, baada ya uasi wa asubuhi moja, askari waliingia Mangobo nyumba kwa nyumba, na tuliowapoteza katika siku zile bado wanaliliwa. Ndani ya miaka hiyo watu walitafuta chakula kwa njia mbili: baiskeli za kumba-kumba zilizosukumwa mamia ya kilomita msituni, na mtumbwi.

Mjomba wangu, mwalimu kama mimi, alikuwa halipwi. Aliamua kwenda Basoko peke yake, kwa kuwa mtumbwi wenye vijana wengi ulionekana kama wa askari. Hakuwahi kufanya safari ndefu hivyo. Koko alikuwa bado hai, macho yamepungua, na maandalizi yote aliyaongoza akiwa amekaa kwenye kiti mlangoni.

Nakumbuka swali lake la kwanza. "Uko naenda na kafi ngapi?"

"Moja, baba."

"Basi haujaenda. Tafuta ya pili."

Kafi ya kwetu ni ndefu, ina ubavu kama jani la mkuki, kwa kuwa mpiga kafi husimama. Ya pili lazima ilingane na ya kwanza kwa urefu, maana mwili uliozoea moja hautaikubali nyingine ghafla katikati ya dhoruba. Haifungwi kwa kamba ngumu. Inalazwa ubavuni, mpini ukimwelekea mtu, imeshikwa na kitanzi cha kekele kinachofunguka ukivuta mara moja. Koko alimfanyisha mjomba zoezi hilo amefumba macho, mara nyingi, mtumbwi ukiwa nchi kavu uani kwetu.

Mzigo ulipangwa kwa siku mbili. Mtu mmoja akisimama nyuma, mbele kunainuka na upepo unaukamata mtumbwi, kwa hiyo kilicho kizito kilitangulizwa: chumvi katika mitungi ya plastiki iliyozibwa, na sabuni. Katikati waliweka udongo wa mfinyanzi, tabaka nene kiasi cha upana wa kiganja, likapigwapigwa mpaka likakauka. Juu ya udongo huo msafiri hubeba moto wake, kipande cha gogo kinachofuka polepole siku nzima, akipikia humo humo majini bila kulazimika kutua mahali asipopajua. Nyuma, karibu na miguu, kopo la kupakulia maji. Kwanga zilizofungwa kwenye majani, kwa kuwa zinadumu bila kuharibika kuliko chakula kingine cha muhogo. Samaki wa moshi. Chandarua. Viberiti ndani ya chupa. Ndoano na nyuzi, chache za kuvulia na nyingi za kutoa zawadi, maana ndoano moja mpya wakati wa vita ilifungua mdomo wa mwenyeji kuliko fedha ya upande wowote. Upondo mrefu wa kurudia, kwa kuwa kupanda mto kunaenda ukingoni, kwa kusukuma, na huchukua muda mrefu zaidi kuliko kushuka.

Barua alizikataa zote. Majirani walikuja na bahasha za ndugu zao wa Isangi na Basoko, na zamani kubeba barua ilikuwa heshima na kinga. Wakati huo karatasi yenye majina iliyokutwa na askari iliweza kumfanya mtu aitwe mpelelezi. Mjomba alijifunza salamu kwa moyo. Mama alimsikiliza usiku, kama mtoto wa katekisimu: fulani amezaa, fulani amefariki, fulani anasema nyumba bado ipo.

Ngoma hazikuwepo tena za kumtangaza. Carrington mwenyewe alikwishaona wakati wake kwamba vijana wameacha kujifunza. Koko aliziba pengo hilo kwa namna yake. Alimtajia mjomba nganda moja baada ya nyingine, na katika kila moja jina la ukoo ambao unatuhusu, kwa kuoa au kwa kuolewa, na namna ya kulitamka kutoka mbali, amesimama, kafi imeinuliwa, kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Alimkataza kutua kimya. Alimkataza kutua palipo na nyasi fupi zilizoliwa usiku, kwa sababu kiboko atarudi kwa njia ile ile. Na alimwambia wingu jeusi la mchana likitanguliwa na upepo wa baridi, aende ukingoni hapo hapo, hata kama ukingo ule ni wa mtu asiyempenda. Ukingo wa mtumbwi uliopakiwa hupita juu ya maji kwa upana wa vidole tu.

Alirudi na mawese, mchele na habari za watu hai. Mwaka 2003 meli zilianza kupanda tena, na kafi zikarudi darini.

Wageni wa safari za peke yake nimesoma habari zao kwa makini na kwa heshima. Mjerumani Oskar Speck aliondoka Ulm mwaka 1932 kwa kayaki ya kukunja, akashuka Danube, akapita pwani za Uajemi, Bara Hindi na visiwa vya Indonesia ya leo, akafika upande wa Australia Septemba 1939 na kukamatwa kwa kuwa vita vilikuwa vimeanza. Alijua upepo, chati na mishono ya boti yake, na bado katika kisiwa kimoja alivamiwa usiku na kupigwa vibaya. Mmarekani Jeffrey Tayler alinunua mtumbwi hapa Kisangani miaka ya 1990 ili aende Kinshasa, na hakumaliza njia hiyo kwa kafi. Mwingereza Phil Harwood alishuka mwaka 2008 kutoka vyanzo vya Zambia hadi baharini, sehemu kubwa peke yake, na alifika. Ni watu jasiri. Katika vitabu vya namna hii mtu anayetokea ukingoni huwa hatari au msaada wa bahati. Kwa koko alikuwa sehemu ya mzigo, alipangwa kabla ya chumvi, na naamini hapo ndipo elimu ya mto huu inapozidi ile ya vitabu.

Leo safari nyingi ni za mashua za injini, zimejaa kupita kiasi, zinatembea usiku, na tunazika watu kila mwaka kwa sababu yake. Simu imechukua kazi ya ngoma palipo na mtandao. Ramani za manahodha wa mto zinaonyesha mikondo na mchanga kwa namba za kilomita. Nimeanza kuziwekea karatasi ya pembeni: nganda kwa nganda kutoka Mangobo, ukoo gani unakaa hapo, unatua upande upi maji yakiwa makubwa na upi yakiwa madogo, moto unapatikana miezi gani. Nimeyachota kwa mjomba, kwa mama, na kwa wazee wa Yakusu na Isangi ambao bado wanaweza kuyataja kwa mfululizo bila kuruka. Orodha imefika Basoko. Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963, kina wanafunzi wa historia wanaotafuta mada za kuandikia, na wengi wao wanakaa Mangobo hii hii, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwa mabibi na mababu waliopiga kafi hadi Bumba na Lisala. Naomba waje na madaftari yao, tuanze na Basoko kwenda chini.